Watafiti wetu wa tiba: nani awalipe?

Mkereketwa wa Kaole
Wadau, chanjo zote mbili za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, RTS,S na R21, zimepitia majaribio hapa Bagamoyo. Vijana walioifanya kazi hiyo wako kwenye mikataba ya mradi. Mradi ukiisha wanarudi mtaani. Serikali iwaajiri, au tuendelee kungoja wafadhili?

Pwani_1
Serikali iajiri kwanza walimu na wauguzi. Hao wa utafiti wanakula posho za wazungu. Halafu huku vijijini tunawajua, wanyonya damu hao. Gari lao likionekana, watoto wanafichwa.

Mama Zuhura
Pwani_1, neno hilo lirudishe. Kazi hiyo nimeifanya miaka 6. Saa kumi na moja alfajiri niko juu ya bodaboda, boksi la barafu mapajani. Nachoma kidole cha mtoto, tone moja la slaidi, jingine la kipimo cha haraka, basi. Nakaa na mama yake mpaka mtoto anyamaze. Usiku homa ikipanda anapiga simu kwangu, hapigi kwako. Nimemnyonya nani?

Pwani_1
Dada, sikukutaja wewe. Ndivyo watu wanavyosema. Bibi yangu alitulea na habari za mumiani.

Mama Zuhura
Ya watu ukishayabeba mpaka hapa ni yako.

Kalamu Kavu
Bibi yake msimdharau. Enzi za mkoloni watu walikusanywa uwanjani wakatolewa damu bila kuelezwa. Na leo je? Fomu ya ridhaa kurasa chungu nzima, mama anabonyeza dole gumba. Anajua alichokubali?

Mama Zuhura
Asiyejua kusoma anakaa na shahidi wake, mtu asiye wa mradi. Namsomea, halafu namwambia, "Nieleze wewe nilichosema." Akishindwa naanza upya. Kuna nyumba nimerudi siku tatu. Wengine wanakataa, nafunga daftari naaga.

Mwana wa Kilifi
Huku kwetu Kenya, KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na Wellcome, wafadhili wa Uingereza, wapo tangu 1989, na uvumi huohuo tuliusikia. Vijiji vilichagua wawakilishi wao wa kukaa na watafiti na kuwauliza maswali magumu. Uvumi haukuisha, ila sasa kuna pa kuupeleka.

Nassor wa Maabara
Jamani, tumeliacha swali la ajira. Si marais wa Afrika walikubaliana Abuja 2001 kila nchi itoe 1% kwa utafiti?

Kalamu Kavu
Abuja ilikuwa 15% ya bajeti, na ni ya afya yote. 1% ya pato la taifa kwa utafiti ni Addis Ababa, Januari 2007.

Nassor wa Maabara
Ahsante kwa kunisahihisha. Basi hiyo 1% ingetolewa, tusingeogopa kila uchaguzi wa Marekani. Mwaka 2025 waliposimamisha misaada, Afrika Kusini kulikuwa na wanawake waliowekewa ukeni pete za majaribio za kuzuia VVU, na wahudumu wao wameamriwa kuacha kazi. Mimi nalinda friza la nyuzi 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika usiku nakimbilia jenereta, maana mle mna damu za watoto wa miaka mingi. Mkataba wangu ni wa miezi 11. Nikiondoka, friza hilo analikimbilia nani?

Pwani_1
Hilo la miezi 11 sikulijua. Nilidhani mnaogelea pesa. Mama Zuhura, neno nimelirudisha. Nina mpwa wangu kamaliza stashahada ya maabara, yuko nyumbani tu. Kwenu hakuna nafasi?

Mama Zuhura
Mradi wetu unafunga mwisho wa mwezi, nami natafuta. Lakini hadubini hazijachukuliwa bado. Msimamizi wetu huwa anaruhusu wanaojifunza. Nitamwomba, mpwa wako aje nimwoneshe kusoma slaidi. Vyeti wanavyo wengi, wanaoweza kuhesabu vimelea sawasawa ni wachache.

Pwani_1
Atakuja Jumatatu. Ashukie kituo gani?