Ben Wyvis: ya 1879 au ya 1965?

Kimea77: Wakuu, kuna sehemu nasoma kiwanda cha wiski cha Ben Wyvis kilianza 1879, kwingine 1965. Ipi sahihi? Na ni kweli mitambo yake mpaka leo inachemsha?

PipaKavu: Zote sahihi, ni viwanda viwili. Cha kwanza kilikuwa Dingwall, kaskazini mwa Skotilandi: kilifunguliwa 1879, kikaitwa Ferintosh kuanzia 1893, kikafungwa 1926. Cha pili kilijengwa 1965 ndani ya uzio wa Invergordon, kiwanda kinachokeneka wiski ya nafaka kwa minara (mitambo mirefu inayokeneka mfululizo). Kilikuwa na jozi moja tu ya mitambo ya shaba, ya kutoa wiski ya kimea ya kuchanganyia. Ndiyo maana chupa zenye jina lake ni za kutafuta kwa tochi. Kilizimwa 1977. Ukiuziwa chupa, tazama mwaka wa kukenekwa; ukiwa nje ya hiyo miaka, rudisha pochi mfukoni. GlenWyvis ya Dingwall ni nyingine kabisa, ya karne hii.

ShabaTupu: Mitambo ipo Campbeltown, mji wa magharibi mwa Skotilandi, kiwanda cha Glengyle. Hicho kilifungwa 1925, wenye kiwanda cha Springbank wakakifufua 2004 wakainunua ile jozi ya Ben Wyvis. Shaba huliwa na mvuke, hasa mabegani (pale tumbo la mtambo linapobanwa kuwa shingo) na kwenye bomba la juu linalopitisha mvuke. Ikiwa nyembamba sana mtambo unaanza "kuhema", kuta zinaingia na kutoka. Ila hii ilifanya kazi miaka kumi na miwili hivi, bado ilikuwa na unene.

Hawakuisimika kama ilivyokuja. Mabega yalikuwa na kona kali, yakalainishwa. Bomba la juu likainuliwa kidogo kuelekea juu: mvuke mzito unapoa njiani, unadondoka tena tumboni, unaovuka ni ule mwepesi. Wapishi wa gongo wataelewa haraka, bomba likiinama kila kitu kinapita.

Kimea77: Kwa hiyo Kilkerran, wiski ya Glengyle wanayouza, ndiyo Ben Wyvis iliyofufuka?

PipaKavu: Hapana mkuu. Maji mengine, matangi ya kuchachushia mengine, na umbo la mtambo ndiyo hilo limeshaguswa. Hata hilo jina Kilkerran limekuja kwa sababu "Glengyle" lilikuwa tayari mali ya kampuni nyingine, likitumika kwenye wiski yao.