Carina Ti inachemka ikisimama, fundi anataka kutoa thamostati: nimkubalie?

Kijana_wa_Sahare:
Habari za humu wakuu. Nina Carina Ti, injini 5A-FE. Nikiwa barabarani kutoka Tanga kuelekea Pongwe au Muheza, mshale wa joto unatulia katikati. Nikisimama Ngamiani dakika kumi bila kuzima, unapanda mpaka karibu na H, nikiondoka unashuka. Kila wiki naongeza kama lita moja ya maji ya kisima cha nyumbani, na yaliyomo kwenye rejeta yameshakuwa rangi ya udongo. Fundi anasema tutoe thamostati (ile valvu inayofungulia maji yapite kwenye rejeta injini ikipata joto) na feni tuiunge dairekti, bila swichi ya joto, kazi imeisha. Mwisho wa mwezi naenda Lushoto na familia. Nimkubalie? Na kipi naweza kufanya mwenyewe bila kujiunguza?

Mgosi_wa_Rejeta:
Mkuu, hapo kuna magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja.

Gari linalochemka likisimama na kupoa likitembea limekosa upepo. Mwendoni upepo unapita wenyewe kwenye rejeta. Likisimama linategemea feni tu. Lingechemka kwenye mwendo mkali au mlimani, ningeanza kushuku rejeta iliyoziba ndani au wota pampu isiyosukuma. Hiyo lita moja kwa wiki ni kesi nyingine. Mfumo umefungwa, injini isiyo na ubovu haili maji. Yanatoka mahali.

Anza na feni, injini ikiwa baridi. Tafuta swichi ya joto ya feni. Kutegemea gari, iko kwenye nyumba ya thamostati au chini ya rejeta. Chomoa soketi yake, kisha geuza ufunguo mpaka ON bila kupiga staa. Kwenye Toyota za miaka ile swichi hii inafanya kazi kinyume na wengi wanavyodhani: ikiwa baridi inaunganisha, ikifika nyuzi 93 hivi inakata, na huko kukata ndiko kunakowasha feni. Kwa hiyo ukichomoa soketi na kufungua ufunguo, feni lazima ivume. Mikono na kanga au shati liking'inia viwe mbali na mapanga kabla ya kugusa ufunguo.

Ikivuma, basi mota, fyuzi na rilei (swichi ya umeme inayopeleka moto kwenye feni) ni vizima. Mbovu ni swichi, au waya wake umechubuka unagusa bodi, au maji yamepungua mpaka swichi imebaki kwenye hewa. Kwa mtu anayeongeza lita kila wiki, hilo la mwisho ndilo ningelishuku kwanza, maana swichi iliyo kwenye hewa haisomi joto la maji.

Isipovuma, angalia fyuzi, badilisha rilei kwa nyingine ya aina ileile, kisha ipe mota moto wa moja kwa moja toka kwenye betri kwa waya mbili. Ikikataa hata hapo, kaboni za mota zimekwisha.

Feni ya dairekti itakupoza, sikatai. Ubaya ni jinsi inavyoungwa: waya mwembamba wa redio, hakuna rilei, hakuna fyuzi. Mota ya feni inakula ampia nyingi, ule waya unachemka mpaka plastiki inayeyuka. Ukikwama njiani tumia waya mnene na fyuzi ya ampia 30, ukifika nyumbani tengeneza kilichoharibika.

Bondei_Gereji:
Naongezea la thamostati, maana hii tabia imeenea pwani yote: gari likichemka tu, thamostati inatupwa. Hoja yao ni kwamba sisi hatuna baridi. Thamostati haijawekwa kwa ajili ya baridi ya nje, imewekwa injini ifike kwenye joto lake la kazi na kubaki hapo. Ya 5A inaanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kama vile injini bado baridi, oili inabeba unyevu, silinda zinalika haraka.

Na kuna jingine ambalo fundi wako pengine hajalitazama. Geuza thamostati ya Toyota uione kwa chini: ina kidiski kidogo. Valvu ya juu ikifunguka, kidiski kinashuka kuziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa thamostati, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kabisa. Ndiyo maana gari lisilo na thamostati linaweza kutulia mjini halafu likachemka mlimani. Na wewe unaenda Lushoto!

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji isiguse chini, weka na kipimajoto, washa jiko. Ianze kufunguka kwenye 80 hadi 84, na ikifika 95 iwe imefunguka angalau milimita 8. Ikichelewa au ikifunguka nusu, nunua mpya pamoja na mpira wake wa kuzibia. Wakati wa kuifunga, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, ndipo hewa ipitie. Usipake silikoni, ikizidi inamegeka na kwenda kuziba mirija ya rejeta.

Ukhty_Raskazone:
Hayo maji ya kisima ndiyo mama wa yote. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Chumvi inakula alumini, na silinda hedi ya 5A ni alumini juu ya bloku ya chuma, ambayo nayo inatoa kutu. Rangi ya udongo unayoiona ni kutu hiyo. Madini mengine yanagandia ndani ya mirija na kuwa ukoko, joto halipiti.

Tumia maji yaliyochujwa madini. Ukiyataka dukani sema maji ya betri ya kuongezea, yasiyo na asidi, na usome lebo mwenyewe. Asidi ya betri nayo inauzwa kwenye chupa za kufanana, ikiingia kwenye rejeta ndiyo basi tena. Kulanti (dawa ya rejeta inayochanganywa na maji) iwe kati ya asilimia 30 na 50. Hatuna barafu Tanga, lakini ndani ya kulanti ndimo zilimo dawa za kuzuia kutu, na inapandisha nyuzi za kuchemka. Kuijaza kavu bila maji pia ni kosa: maji ndiyo yanayobeba joto vizuri zaidi.

Rangi isikudanganye, kijani ya kampuni moja si lazima iwe sawa na kijani ya nyingine. Soma aina, na usichanganye. Za kijani za kawaida badilisha kila miaka miwili.

Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni tamu na ni sumu ya figo. Ndoo ya maji machafu usiiache uani penye watoto, paka au mbuzi, wala usiimwage mtaroni au karibu na hicho kisima. Itie kwenye dumu lenye kizibo na uiandike.

Halafu asije mtu akakushauri manjano ya jikoni au sabuni ya mche kuziba uvujaji. Vinaziba kweli, pamoja na rejeta ya hita na mirija myembamba.

Kijana_wa_Sahare:
Asanteni sana. Nimefanya kipimo: nikichomoa soketi feni inavuma. Nimeona pia mpira wa juu wa rejeta asubuhi unakuwa umebonyea umekutana, na chini ya wota pampu kuna alama za maji yaliyokauka, nyeupe nyeupe. Oili kwenye kijiti ni safi. Sasa naanzia wapi, na maji nayabadilishaje?

Mgosi_wa_Rejeta:
Umetusaidia sana, hayo ndiyo majibu yenyewe.

Mpira kubonyea ukipoa ni kifuniko cha rejeta. Kina valvu mbili: kubwa inashikilia presha, ndogo ya katikati inafunguka injini ikipoa ili maji yarudi kutoka kwenye kidumu cha akiba. Ndogo ikikwama, rejeta inavuta utupu na mpira unabonyea. Nunua kifuniko kilichoandikwa namba ileile ya chako, nyingi za hizi ni 0.9. Presha hiyo ndiyo inayofanya hata maji matupu yasichemke mpaka karibu nyuzi 118. Kifuniko kikiwa kibovu yanachemka kwenye 100.

Alama nyeupe chini ya wota pampu: pale kuna kitundu cha kuvujia kimewekwa makusudi, maji yakitoka hapo sili ya ndani imekwisha. Usikizibe. Badilisha pampu na gasketi yake, na kagua feni belti maana ndiyo inayoizungusha. Oili safi ni dalili nzuri, lakini kwa ajili ya gasketi ya silinda hedi fanya moja zaidi: injini ikiwa imelala usiku kucha, fungua kifuniko, washa, tazama mdomo wa rejeta. Viputo vichache mwanzoni ni hewa. Vikiendelea bila kukoma, au ukiwa umefunga na mpira wa juu ukakakamaa ndani ya dakika moja ya kuwasha, moshi wa silinda unaingia kwenye maji na safari isubiri.

Kubadilisha maji: injini iwe baridi kabisa, kifuniko usikiguse ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa kwenye nyuzi zaidi ya 100 yanageuka mvuke papo hapo ukiachia presha, yanaruka usoni. Kama ulikuwa unaendesha, subiri saa nzima, minya mpira wa juu. Ukiwa mgumu, endelea kusubiri. Ukilainika, weka tambara nene, zungusha kifuniko mpaka kituo cha kwanza, acha kipumue, ndipo ukikandamize na kukitoa.

Weka hita kwenye moto wa mwisho, kinga beseni, fungua kizibo cha chini cha rejeta kwa mkono (ni plastiki, ukikipa koleo kinavunjika). Jaza maji safi, washa mpaka mpira wa juu upate moto, zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia mpaka yatoke meupe, na raundi ya mwisho iwe ya maji yaliyochujwa. Mfumo unameza kati ya lita 5 na 6, ila ukimwaga kwa chini ya rejeta mengine yanabaki kwenye bloku. Kwa hiyo usichanganye nusu kwa nusu kwenye ndoo. Mimina kwanza lita 2.5 za kulanti isiyochanganywa, kisha malizia kwa maji yaliyochujwa.

Kutoa hewa: jaza taratibu, kifuniko wazi, washa iwe kwenye sailensa (iungurume bila kukanyaga mafuta), minya mpira wa juu mara kwa mara, ongeza kila yanaposhuka. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili, funga. Kidumu kiwe kati ya LOW na FULL. Kesho yake asubuhi kagua tena, karibu kila mara yanapungua kidogo. Kama feni haitawaka yenyewe mfumo ukiwa umejaa, sasa badilisha swichi.

Bondei_Gereji:
Usisahau nje ya rejeta. Hewa ya chumvi inakula yale mapezi; yakianza kupukutika ukiyagusa, rejeta hiyo haina maisha. Ioshe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari inayalaza yote.

Kutoka Mombo kupanda Soni tumia gia ndogo, usiilazimishe. Mshale ukianza kupanda zima AC, fungua hita moto wa mwisho na feni yake, joto litakuchoma wewe badala ya hedi. Ukipita robo tatu tafuta pa kusimama, weka jiwe nyuma ya tairi. Kama hakuna mvuke na maji hayavuji, iache iungurume hita ikiwa wazi. Ukiona mvuke, zima mara moja, boneti usiifungue mpaka utulie. Usimwagie injini maji ya baridi kwa nje na usijaze ya baridi ndani ikiwa ya moto, hedi ya alumini inapinda. Beba dumu la lita 5 la maji safi, la kisima uliache Sahare.