Ukoo wa Ngamiani: Zuhura yuko Symi

Zuhura: Shikamooni wote. Tumefika Symi salama, picha ndio hizo. Nyumba zote hizo mnazoziona za njano, krimu na bluu zimepandana kuanzia majini mpaka juu mlimani, na msidhani kila mtu anapaka rangi anayojisikia, hapa hata kupaka ukuta wako mpaka kibali

Ma Mdogo Rukia: Marahaba mwanangu. Mashallah mji mzuri. Ndo wapi hapo tena, si ulisema unaenda Ugiriki?

Zuhura: Ndo Ugiriki hiyo ma mdogo, kisiwa kidogo karibu na kile kikubwa cha Rhodes, ng'ambo pale milima ya Uturuki unaiona kwa macho. Uwanja wa ndege hakuna. Unashuka Rhodes unapanda boti ya kasi kama saa 1 hivi unaingia bandarini, huu mji wa chini unaitwa Gialos

Abuu: dada mbona pametulia hvyo, mi youtube naona watu wamejazana kama sokoni

Zuhura: Hiyo nimepiga jioni. Mchana boti za watalii zinamwaga watu kutoka Rhodes pale gatini huoni hata pa kupita, wanapiga picha, wananunua sponji, wanakula, alasiri wanaondoka wote. Hapo ndo wenyeji wanatoa viti nje wanaanza kupiga soga na mji unakuwa wao. Mtu akija na boti ya asubuhi akarudi nayo kusema kweli hajaja Symi, kaja kupanga foleni ya aiskrimu

Mjomba Hatibu: Sponji gani, za kuogea?

Zuhura: Hizohizo mjomba ila za baharini kabisa, zile za kuzamia. Huu mji wote umejengwa kwa hela ya sponji na kuunda vyombo vya mbao, zamani watu walipita elfu 20, leo hawafiki 3,000. Nyumba nyingine huko juu ni kuta tu, mtini umeotea sebuleni

Mjomba Hatibu: Walikuwa wanazamaje?

Zuhura: Nilijua utauliza 😂 Mwanzo ilikuwa pumzi tu na jiwe. Jiwe bapa la kilo 10 na kitu, limefungwa kamba, mzamiaji analishika mbele anaruka nalo linamvuta mpaka chini, anakata sponji zake, akitikisa kamba wenzie wanamvuta juu. Mwaka 1913 manowari ya Waitaliano ilipoteza nanga karibu na kisiwa cha Karpathos, aliyeshuka kuitafuta ni mtu wa hapa Symi, Stathis Hatzis, kwa pumzi yake hiyohiyo, kina zaidi ya mita 70

Mjomba Hatibu: Mita 70!! Huyo si mtu huyo. Sisi mita 15 masikio yanalia

Zuhura: Halafu miaka ya 1860 yakaja yale mavazi ya kuzamia yenye kofia ya shaba na hewa ya pampu. Basi wakawa wanakaa chini muda mrefu, wanapanda juu haraka, hawajui kama damu inaingia mapovu, wengi walikufa na wengi wakabaki viwete. Tamaa ya matajiri wenye boti pia ilichangia mi naona, maana waliendelea kuwashusha tu

Abuu: si ndo hao waliookota ile mashine ya Antikythera? ile ya kale ya gia ya kuhesabu mwezi na jua

Zuhura: Eeeh Abuu umesoma wewe! Wazamiaji wa Symi, mwaka 1900, nahodha wao Dimitrios Kondos. Wa kwanza kushuka aliitwa Elias Stadiatis, akapanda mbio anatetemeka anasema chini kumejaa maiti, kumbe masanamu ya meli iliyozama zaidi ya miaka 2,000 nyuma

Ma Mdogo Rukia: Astaghfirullah ningekufa mimi

Mama Zuhura: 🎤 0:52

Ma Mdogo Rukia: Kwa ambao hamjafungua sauti, dada anasema picha kaziona ni nzuri ila hizo ngazi anazoziona nyuma ya nyumba hatazipanda, magoti yake mnayajua, na anauliza hiyo safari yetu mimi na yeye ya kuja huko mwezi wa 5 atakaa wapi na atakula nini

Zuhura: Shikamoo mama. Hizo ni Kali Strata, ngazi za mawe za kwenda mji wa juu, Horio, karibu 500, wengine wanahesabu pungufu nadhani pumzi huwa inakata hesabu. Huzipandi. Kuna basi dogo kutoka bandarini linapita Horio linashuka mpaka Pedi, kijighuba kizuri cha kuogelea. Tutalala huku chini Gialos. Wanaotaka nyumba za juu kwa ajili ya mandhari wawe na miguu ya mbuzi

Zuhura: Chakula usihofu, samaki na pweza wapo, na kuna kamba wadogo sana wa hapahapa wanakaangwa wanaliwa na magamba yake, wamezidi uduvi kidogo tu. Ila mishikaki uliza kwanza, mingi nguruwe. Msikiti niliouona ni Rhodes mjini, hapa tutasalia chumbani

Ma Mdogo Rukia: Na chooni je, maji yapo?

Zuhura: Bomba lipo ila kimpira cha kujisafishia usitegemee. Halafu karatasi haitupwi chooni, kuna kindoo pembeni, mabomba yao membamba

Ma Mdogo Rukia: Nabeba kopo langu

Abuu: 😂😂😂 ma mdogo na kopo airport

Abuu: dada si mnaweza mkavuka na Uturuki hapo mkala siku 1

Zuhura: Thubutu! Viza ya mama na ma mdogo ikiwa ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, ya kuingia mara moja, wakishavuka Uturuki imeisha hiyo, kurudi hawarudi, na mizigo iko huku. Boti za kwenda ng'ambo zipo lakini tutaziangalia tu

Mjomba Hatibu: Kwanini mwezi wa 5 na sio wa 8?

Zuhura: Mwezi wa 8 hii bandari ni tanuri mjomba, milima imeizunguka joto halina pa kutokea, na bei ndo usiseme. Wa 5 hewa nzuri, ila bahari bado ya baridi

Zuhura: Kuna chumba cha vitanda 2 nyuma ya gati, ghorofa ya chini, hakuna ngazi hata moja. Nikichukue?

Mama Zuhura: 🎤 0:07

Ma Mdogo Rukia: Anasema chukua viwili, eti mimi nakoroma 🙄

Zuhura: Sawa viwili. Ma mdogo nitumie picha ya pasi yako, ile ya zamani inaisha lini?

Ma Mdogo Rukia: Ngoja nivae miwani