Jeli ya mapera imegoma kuganda, naiokoaje?

Mama Uani
Habari za jioni wadau. Niko Lushoto. Mipera yangu miwili imezaa hadi matawi yanalala. Tumekula, tumegawa, na bado yanaozea chini. Nikasema nitengeneze jeli.

Nikachagua yaliyoiva, yale ya kunukia. Nikakata, nikachemsha, nikakamua kwa kitambaa, nikapata juisi lita nne. Nikatia sukari kilo moja na nusu tu (bei yake mnaijua), nikachemsha yote sufuria moja karibu saa nzima. Leo nafungua chupa: inamiminika kama chai, tena ina ukungu kama maji ya mchele. Niimwage?

Kijiwe
Usimwage mama, iite sharubati. Maandazi yapo?

Pishi la Zamani
Koroga unga wa mahindi kidogo, itashika.

Shangazi Chupa
Pishi, huo utakuwa uji. Achana nao.

Dada, mapera ya kunukia ni ya kula. Kinachogandisha ni pektini, nayo ni nyingi kwenye tunda lililokomaa likiwa bado gumu; likiiva sana inapungua. Mimi robo ya ndoo huwa ni magumu. Na sukari umeibania mno: kikombe cha juisi kwa kikombe cha sukari, ukipunguza sana robo tatu. Siyo utamu tu, bila sukari ya kutosha pektini haishikani. Huo ukungu wa juisi, siyo kuvu, umetokana na kukamua. Kitambaa hutundikwa, kikadondosha chenyewe usiku kucha. Hauna madhara lakini.

Kuiokoa: chemsha mapera magumu, changanya juisi yake na hiyo yako, ongeza sukari na maji ya limau vijiko viwili vya chakula kwa kila vikombe vinne. Pika vikombe vinne vinne, moto mkali. Sufuria likijaa, jeli inaiva polepole na pektini inaharibika.

Mlimani
Wenye kipimajoto: nyuzi 105 za vitabuni, ambapo jeli huwa imeiva, ni za pwani. Lushoto ni milimani, maji huchemka chini ya 100, kwa hiyo pima maji yako kwanza, kisha ongeza nyuzi 4 au 5. Huna? Chovya kijiko baridi, kiinamishe. Matone mawili yakiungana na kuanguka kama utando mmoja, epua. Jaza jeli kwenye chupa ingali ya moto, funika, chemsha chupa hizo dakika 10.

Mama Uani
Mrejesho: imeganda! Chupa mbili, inatikisika bila kumwagika. Sufuria la tatu limeungua, simu iliita nikajisahau. Makapi je?

Shangazi Chupa
Chekecha utoe mbegu, tia sukari, pika. Hiyo ni jamu.

Mama Uani
Asante shangazi. Kitambaa nimeshakitundika jikoni, na watoto nimewakataza hata kukisogelea.