Acheni kutuuzia diski za breki kwa kuangalia matundu! Zangu zimepata nyufa nikishuka Kitonga na familia

Wakuu, habari za muda huu. Naandika nikiwa bado na hasira. Wiki mbili zilizopita nimeshuka mlima Kitonga, barabara ya Iringa kuja Dar, na mke wangu, mama yangu mzazi na mdogo wangu, ndani ya gari ambalo breki zake zilikuwa zinapotea kona hadi kona. Yote hayo ni kwa sababu kuna mtu Kariakoo aliniuzia mapambo akayaita diski.

Gari ni Impreza WRX STI ya 2006, kalipa (zile zinazobana pedi kwenye diski) za Brembo mbele na nyuma. Diski za mbele zilikuwa zimekwisha kihalali kabisa. Zikiwa mpya zina unene wa milimita 30, na kikomo chake ni 28. Zangu zilisoma 27.8 kwa venia, kile kifaa cha kupimia unene. Fundi wa kwanza akanishauri nikaziskimu, yaani zichongwe uso upya. Nikamuuliza: kuskimu kunaongeza chuma au kunapunguza? Akasema kila mtu anaskimu. Kwa hiyo kila mtu anachukua diski iliyokwisha kufika kikomo anaipunguza tena, halafu anapanda nayo barabarani. Huyo sikurudi kwake.

Duka la kwanza nikataja gari, kijana akaingia stoo akatoka na diski. "Za Subaru hizi, bosi." Hata kabla ya kupima niliona ni ndogo. Nikapima: kipenyo milimita 294. Hizo ni za WRX ya kawaida, na Forester ya tabo nayo inazivaa. Yangu ni 326. Nikamweleza. Jibu lake: "Subaru ni Subaru bosi, fundi atarekebisha." Atarekebisha nini? Kalipa imefungwa mahali pake kwa ajili ya diski ya 326. Ukiweka ya 294, sehemu ya pedi inabaki inaning'inia nje, haishiki kitu. Na hata ukisema "ya STI" bado hujamaliza, maana za kabla ya modeli ya 2005 zina boliti tano kwenye duara la milimita 100, na kuanzia hapo ni 114.3. Jina la gari halitoshi kununulia diski. Muuzaji wa spea za breki asiyejua hilo afunge duka auze kitu kingine.

Duka la pili ndilo lililoniumiza. Muuzaji mtu mzima, ana lugha nzuri. Akaleta boksi jekundu, ndani diski zimetobolewa matundu, zimechorwa mifereji, zimepakwa rangi ya dhahabu. "Mdogo wangu, hizi ndizo za mbio. Zile bapa zisizo na matundu ni za teksi." Laki tano na nusu kwa jozi. Nikapima: 326, unene 30, boliti 114.3. Vipimo vyote vikakubali, nikalipa. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akasema mashine ina shida ya mtandao, akaniandikia ya mkono ambayo chini imechapwa "Mali ikiuzwa hairudishwi". Nikaenda kufunga, pedi mpya, mafuta ya breki mapya DOT 4. Mjini gari likawa linashika vizuri, sikuwa na lawama.

Kisha tukaenda msibani Iringa. Kwenda hakukuwa na tatizo, ule mlima tunaupanda. Wakati wa kurudi, tumepita Ilula, tukaanza kushuka Kitonga nyuma ya foleni ya malori. Wanaoijua ile barabara wanaelewa: huwezi kukimbia hata ukitaka. Nilikuwa gia ya pili, nakanyaga na kuachia. Kona ya tatu au ya nne usukani ukaanza kutetemeka mkononi. Kona iliyofuata nikakanyaga, pedali ikashuka karibu nusu ya safari yake kabla breki hazijashika. Nikapampu mara ya pili, ikarudi juu. Kona nyingine, hivyo hivyo. Mama nyuma akaanza kusali kwa sauti. Mbele yangu tela limebeba makontena, kushoto kuna korongo. Nilishuka chote kilichobaki kwa gia ya kwanza, mguu wa kulia unapampu, mkono uko kwenye hendibreki. Sitaki mtu yeyote apitie hilo.

Tulisimama Ruaha Mbuyuni pale wanapouza vitunguu. Nikasubiri zaidi ya saa nzima rimu zipoe, kisha nikamulika tochi ya simu. Diski ya kushoto ina nyufa kutoka tundu hadi tundu, nyingine ndefu kama kucha ya kidole gumba. Diski haijatembea hata kilomita 1,500!

Nikampigia muuzaji hapo hapo. Jibu lake: "Mdogo wangu, wewe utakuwa umekimbiza gari."

Sasa nataka nijibu hilo hadharani, kwa hesabu, kwa sababu najua kuna wenzangu wanaambiwa hivyo kila siku. Gari langu na watu na mizigo ni kama kilo 1,800. Kulisimamisha kutoka kilomita 100 kwa saa, breki zinameza karibu kilojuli 700, zote zinageuka joto. Kulishusha mlima mita 100 za kimo tu, hata kwa mwendo wa kobe, ni karibu kilojuli 1,770. Yaani kila mita 100 unazoshuka ni sawa na kufunga breki za nguvu kutoka 100 mara mbili na nusu, ukiondoa kile ambacho injini inakusaidia. Na Kitonga si mita 100. Joto hilo linakwenda wapi? Kwenye chuma cha diski. Diski ni tangi la joto. Uzito wake ndio ujazo wa tangi, na mapezi yaliyo katikati, kati ya sura mbili za diski, ndiyo ya kulimwaga joto hilo kwenye hewa. Kila tundu ulilotoboa umetoa chuma kwenye tangi, na umeacha ukingo ambapo ufa unaanzia.

Niliporudi Dar nilizitoa nikazipeleka karakana ya mashine, kwa mtu mwenye saa ya kupimia diski inayumba kiasi gani. Haya ndiyo tuliyoyakuta.

Kila diski mpya ilikuwa nyepesi kuliko ile chakavu niliyoitoa, kwa zaidi ya nusu kilo. Chakavu iliyokwisha kulika milimita mbili na zaidi inaishinda mpya! Tukahesabu mapezi: ya zamani ni mengi na manene, ya mpya ni machache na membamba. Halafu mapezi ya mpya yamepinda, na diski zote mbili yamepinda upande mmoja. Ukizifunga kushoto na kulia, moja inasukuma hewa nje inavyotakiwa, nyingine inapigana nayo. Diski ya mapezi yaliyopinda lazima iwe na ya kushoto na ya kulia. Mimi niliuziwa miguu miwili ya upande mmoja.

Kuyumba: ya kushoto ilisoma milimita 0.22 ikiwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Tukatoa, tukakuta habu ina kutu ambayo fundi aliyefunga hakuisafisha. Hiyo ni lawama yake, nimemwambia, amekubali. Tukasugua mpaka chuma kikang'aa, tukarudisha, ikasoma 0.14. Bado ni nyingi mno. Na hapo ndipo nikaelewa ile pedali. Kalipa za Brembo za STI hazitembei, pistoni ziko pande zote mbili. Diski ikiyumba inazisukuma pistoni zirudi ndani kila mzunguko, kwa hiyo ukikanyaga mara ya kwanza mguu unatumika kuzirudisha tu, breki inakuja mara ya pili. Mara ya pili! Kwenye Kitonga!

Najua watakaokuja kusema Porsche wanatumia diski za matundu. Kweli, wanatumia. Lakini ile diski imesanifiwa na matundu tangu mwanzo: yanapangwa yasigonge mapezi, kingo zake zinachongwa, na chuma chake kinapimwa. Hii yangu ni diski hafifu iliyowekwa kwenye drili ili ivutie machoni kupitia rimu. Ile hoja kwamba matundu yanatoa gesi ya pedi zikipata moto ni ya pedi za zamani. Mifereji naikubali zaidi, inafagia uso wa pedi na haitoboi hadi ng'ambo, ingawa inakula pedi haraka na ina kelele. Kwa gari la nguvu linalotembea barabara zetu za milima, lenye abiria, diski bapa nzito ya chuma safi ndiyo breki. Eti za teksi! Diski za STI zilizotoka nazo kiwandani ni bapa, na ni gari lililotengenezwa kwa jina la mbio za rali.

Nimeshanunua nyingine, bapa. Safari hii nilikwenda na namba ya chesisi, nikatoa namba ya spea, nikaenda na mizani ya jikoni ya mke wangu na venia. Muuzaji akakasirika kuniona napima uzito, nikaendelea kupima. Kikomo cha unene kimechapwa kwenye chuma chenyewe, si kwenye boksi. Na diski ina alama ya E ndani ya duara na 90R, yaani imepita kanuni R90 ya spea za breki. Ulaya, kwa aina za magari zilizoidhinishwa kuanzia Novemba 2016, diski ya kubadilishia isiyo ya mtengenezaji wa gari haiingii sokoni bila kupita hiyo kanuni, ambayo inaipasha diski joto na kuipoza tena na tena kuangalia nyufa. Alama nayo inaweza kughushiwa, najua, ndiyo maana nilikuwa na mizani. Habu nilisimamia mwenyewe ikisuguliwa, nati zikafungwa msalaba kwa spana ya torki, si ile bunduki ya upepo. Kisha alfajiri, barabara tupu, nikazizoesha pedi: kutoka 60 hadi 10 mara kadhaa bila kusimama kabisa, halafu natembea zipoe. Zinashika kama ukuta.

Zile laki tano na nusu nimezidai, mwenye duka anasema nimlete fundi aliyefunga. Nimemletea vipimo vya karakana, vimeandikwa na kusainiwa. Anavitazama kama nimemtukana. Jumatatu napeleka diski zote mbili, boksi na ile risiti ya mkono Tume ya Ushindani, maana boksi lina nembo ya kampuni ambayo nina hakika haikutengeneza kile chuma. Kama kuna mwenzangu aliyenunua boksi jekundu la aina hiyo mwaka huu, hata kama gari lake si Subaru, toa tairi leo, mulika kati ya matundu. Usisubiri usukani utetemeke.

Na nyie mafundi mlio humu, msiwafungie watu kitu ambacho hamjakipima. Mteja anawaamini kuliko anavyomwamini muuza duka. Mama yangu mpaka leo hataki kupanda lile gari, na mimi simlazimishi.

Picha za nyufa nimeziweka chini, ya tatu ina rula. Diski za nyuma nazo zinakaribia kikomo, zimebaki 18.3 na mwisho ni 18. Mwenye STI kama yangu (chesisi ya GDB) ya 2005 kwenda juu aliyekwisha kubadilisha nyuma, naomba kipenyo cha ndani cha ile ngoma ya hendibreki, kilichopimwa kwa mkono wako mwenyewe, si cha kuambiwa dukani.