Kwa nini laisosomu haiimeng'enyi seli yenyewe?

BintiKongwa
Shikamooni wakubwa. Nipo kidato cha tano, nasoma CBG (kemia, biolojia na jiografia). Tumefundishwa laisosomu: kifuko chenye vimeng'enya vya kuvunja protini, mafuta, wanga na hata DNA. Sasa seli yenyewe si imejengwa kwa vitu hivyohivyo? Inakuwaje haiishii kujila? Na nimesikia inaitwa "mfuko wa kujiua". Naomba mnieleweshe, maana hapa darasani tumebishana hadi kengele imelia.

MaabaraMpwapwa
Marahaba mwanangu. Swali zuri mno hilo, usiliache.

Jibu kubwa ni asidi. Ndani ya laisosomu pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inakuwa kali zaidi) ni kama 4.5 hadi 5, nje yake kwenye saitoplazimu, ule uteute unaojaza seli, ni kama 7.2. Unakumbuka kemia: kila namba moja ya pH ni mara kumi. Kwa hiyo mle ndani asidi ni zaidi ya mara mia ya nje. Vimeng'enya vyake vimezoea ukali huo. Kifuko kimoja kikivuja, vimeng'enya vingi hupoteza nguvu palepale. Asidi yenyewe seli inaigharamia: kwenye utando kuna pampu zinazotumia ATP, yaani nishati ya seli, kusukuma ioni za haidrojeni ziingie ndani. Halafu utando huo, kwa upande wa ndani, umefunikwa na minyororo ya sukari inayoukinga usimeng'enywe.

Vifuko vingi vikipasuka kwa mpigo, hapo seli hufa kweli. Ndiyo maana Christian de Duve, Mbelgiji aliyeigundua, aliita mifuko ya kujiua. Jina hilo silipendi, linaficha kazi yake ya kila siku.

Ila namna alivyoigundua, mwanangu, inajibu swali lako. Alikuwa anachunguza insulini kwa kutumia maini ya panya. Kimeng'enya kimoja alichokipima kilionekana dhaifu kuliko alivyotarajia. Sampuli ikawekwa kwenye friji, siku tano baadaye ikapimwa tena, nguvu ikawa imepanda sana. Maana yake kimeng'enya kilikuwepo tangu mwanzo, ila kimefungiwa ndani ya utando, na utando ulipochakaa kikatoka. Jina laisosomu akalitoa mwaka 1955. Mwaka 1974 akapata Nobeli pamoja na Albert Claude na George Palade.

MwalimuChangombe
Nakazia hapo kwa mtaalamu. Wanafunzi wengi wanaandika "inaondoa taka" na kuishia hapo. Si dampo hata kidogo! Mitokondria (sehemu ya seli inayozalisha nishati) iliyochakaa ikiingia mle, amino asidi zake hurudishwa kwenye saitoplazimu kujengea protini mpya. Seli ikikosa chakula, kazi hiyo huongezeka. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Nobeli mwaka 2016 kwa kuonyesha jinsi inavyoendeshwa, na alitumia hamira tu.

BintiKongwa
Asanteni sana. Na bakteria wakimezwa na seli nyeupe, wote wanaishia humo?

MaabaraMpwapwa
Wengi, ndiyo. Ila yupo mmoja anayenisumbua roho, wa kifua kikuu. Makohozi tunayapaka kwenye kioo, tunamwaga rangi nyekundu iitwayo fuksini, tunapasha moto kwa chini mpaka mvuke uanze kupanda. Kisha tunasafisha kwa asidi iliyochanganywa na spiriti, mwisho tunaweka rangi ya bluu. Kila kitu kinageuka bluu, yeye anabaki kijiti chembamba chekundu. Ukuta wake una mafuta kama nta, rangi ikishaingia haitoki.

Sasa akimezwa na makrofaji, ile seli nyeupe inayomeza vijidudu, anaingilia mawasiliano ya seli ili kifuko alichomo kisiungane na laisosomu. Anakaa humohumo ndani ya askari aliyetumwa kumuua, na anazaliana. Ndiyo maana dawa za TB ni za miezi, si za siku. Nikiona mgonjwa anaziacha kwa sababu kikohozi kimepoa naumia sana, maana najua walio hai bado wamejificha mle.

BintiKongwa
Nimeelewa kabisa. La mwisho: kila seli inayo?

MaabaraMpwapwa
Karibu zote za wanyama. Seli nyekundu ya damu ya binadamu ikishakomaa haina, wala kiini haina. Ukiichora kwenye mtihani, usiiwekee.