Dogo wangu bondia kapata dili la MMA. Wapi kuna hela kweli? Naombeni ushauri

KakaMkubwa
Habari za muda huu wakuu. Nina mdogo wangu, bondia wa kulipwa, uzito wa welter, hajapigwa na mtu bado. Makocha wanamsifu, watu wanamsifu, tatizo hela haionekani. Anapigana, anarudi na jicho limevimba na bahasha ambayo ukitoa gharama za kambi inabaki karatasi ya bahasha.

Sasa kuna kampuni ya MMA, ule mchezo wa ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja, inamtaka. Si UFC, ile kubwa kuliko zote, ni kampuni ya kati. Kuna hela ya kupanda na nyingine kama hiyo akishinda. Mimi nikiangalia mitandaoni, wa UFC wanaogelea kwenye fedha, halafu anatokea mwingine anasema mabondia ndio matajiri. Swali langu ni moja tu: kwa kijana anayeinukia, kati ya ngumi na MMA wapi kuna mkwanja? Naomba majibu ya haraka, muda umenibana.

Kijiti
Ngoja wajuzi waje. Mimi nimekaa kiti cha mbele.

Mpiga Hesabu
Mkuu, inategemea unaangalia juu au chini.

Juu kabisa ngumi haina mshindani. Mabondia Mayweather na Pacquiao, Mei 2015, pambano lilinunuliwa kwenye televisheni mara milioni 4.6 Marekani, na Mayweather akaondoka na zaidi ya dola milioni 200. Bondia Canelo mwaka 2018 alisaini na DAZN, kampuni ya kurusha michezo mtandaoni, dola milioni 365 kwa mapambano 11. Ndani ya kizimba cha MMA hakuna aliyewahi kutajiwa mkataba wa namna hiyo. Hata McGregor, nyota wa UFC, donge lake nono alilipata alipovaa glovu za ngumi Agosti 2017: alihakikishiwa milioni 30 na mpinzani wake Mayweather milioni 100, hapo bado mgao wa matangazo.

Kiini chake ni nani anamiliki pambano. Kwenye ngumi promota, televisheni na mkanda ni watu tofauti, kwa hiyo bondia mwenye jina anawagombanisha. Kwenye MMA kampuni moja ndiyo promota, ndiyo mwenye mkanda, ndiyo inayopanga nani apigane na nani. Wapiganaji waliishtaki UFC mwaka 2014 na kesi ikaanika hesabu: walikuwa wanapata chini ya asilimia 20 ya mapato. Pambano kubwa la ngumi, wanaopigana huchukua zaidi ya nusu.

Chini sasa mambo yanageuka. Anayeingia UFC huanza na kama dola 10,000 au 12,000 za kupanda na kiasi hichohicho akishinda. Bondia wa raundi nne kwenye pambano la utangulizi haioni hiyo hata kwa darubini. Lakini wewe umesema si UFC. Hizo kampuni nyingine zinalipa sehemu ndogo tu ya hapo.

Chuma Chakavu
Ngumi baba. Muulizeni Ngannou. Alikuwa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, Januari 2022 anatetea mkanda dhidi ya Gane analipwa dola 600,000. Akaondoka, Oktoba 2023 akapanda ulingoni na bondia Fury kule Riyadh, akamdondosha raundi ya tatu, akanyimwa kwa pointi. Inasemekana alibeba milioni 10. Machi 2024 bondia Joshua akamlaza raundi ya pili, na hapo inasemekana ni milioni 20. Yaani kulala usingizi kwenye ngumi kunalipa kuliko kuwa bingwa kwenye MMA.

Kijiti
Hata mimi naomba Joshua anilaze kwa nusu ya hiyo. Nitalala mwenyewe kabla hajarusha.

Chuma Chakavu
Ila Fury alibebwa siku ile, tusidanganyane.

Kijiti
Hakubebwa. Dakika za mwisho Ngannou alikuwa anahema kama amepanda mlima.

Mzee wa Kona
Vijana mnataja mamilioni ya watu watano duniani. Nimepigana miaka ya nyuma na nimekaa kona za watu wengi. Nikueleze ngumi ya chini ilivyo.

Promota anakuita, hakupi hela, anakupa tiketi. Unauza kwa ndugu, kwa majirani, kwa watu uliosoma nao. Ukiuza nyingi unakatiwa chako. Usipouza, wewe ndiye unayedaiwa, maana mpinzani anatakiwa alipwe na fedha yake inatoka kwenye mauzo yako. Nilishawahi kukaa chumba cha kubadilishia, mkono mmoja umeshafungwa bendeji, wa pili nimeushikilia kwa sababu mke wangu alikuwa mlangoni na bahasha ya tiketi zilizobaki, akiuliza azirudishe kwa nani kabla geti halijafungwa. Kichwani nahesabu tiketi, na nje kuna mtu anasubiri kunivunja taya.

Kwa hiyo akikwambia mtu ngumi ina hela, muulize ngumi ya nani.

KakaMkubwa
Shikamoo mzee wangu. Umesema ukweli mtupu, dogo ameuza tiketi hizo mpaka watu wanakata simu zake. Ndiyo maana nikaona MMA ni afadhali. Hapa hauzi tiketi, anaambiwa kiasi chake mapema.

Mama Wawili
Mimi siwaelewi kabisa. Watu wanajadili dola wakati kuna mtoto wa mtu anapigwa kichwani. Ngumi au mateke, ubongo ni uleule mmoja. Mwanangu alitaka kucheza hiyo mieleka yenu, nikamwambia achague, mieleka au chakula changu. Sasa hivi ni fundi umeme na anasema ahsante mama.

Kijiti
Mama, na umeme nao unapiga.

Mshale
KakaMkubwa, umeandika "muda umenibana". Umebanwa na nini? Mkataba una tarehe ya mwisho, au kuna jambo jingine?

KakaMkubwa
Mkuu mkataba ni mzuri tu, una mapambano manne. Ninachotaka kujua ni malipo, msinitoe kwenye reli.

Mshale
Sijauliza uzuri wake. Umesainiwa au haujasainiwa?

Mpiga Hesabu
Swali zuri, kwa sababu mikataba hii huwa ya kujifunga kwa kampuni moja. Akisaini MMA, siku akiitiwa pambano la ngumi lenye hela, kampuni ndiyo itaamua. McGregor kupigana na Mayweather ilibidi UFC iwe ndani ya dili na ichukue chake.

KakaMkubwa
Haya. Nimesaini mimi, kama meneja wake. Ana barua ya kunipa mamlaka toka alipoanza kulipwa, kwa hiyo ni halali. Na kianzio kimeshaingia. Kidogo, ila kimeingia na kimetumika kwenye mambo ya msingi. Ndiyo maana nauliza wapi kuna hela, nijue nimeelekea sahihi.

Mama Wawili
Na yeye mwenye kichwa anasemaje?

KakaMkubwa
Hajaambiwa bado. Ana pambano la ngumi Jumamosi na sitaki kumvuruga akili. Kabla hamjaanza kunisulubu, mimi ndiye niliyemlipia jimu tangu ana mikono kama vijiti. Nimemfulia bendeji za damu. Asilimia ninayochukua ni theluthi, mameneja wengi wa ngumi wanachukua hivyo. Mtu wa nje angemla kuliko mimi.

Chuma Chakavu
Theluthi! Kocha naye ana asilimia 10 yake, kodi bado. Dogo anabaki na bendeji.

Mzee wa Kona
Theluthi kweli ipo kwenye ngumi, hajadanganya. Ila huyo meneja wa theluthi anatakiwa awe anakutafutia mapambano na kupigania bei. Meneja wa MMA kwa kawaida hachukui hivyo, ni asilimia 10 mpaka 20. Umehama mchezo lakini asilimia yako imebaki kulekule.

Jab Fupi
Nimesoma toka juu. Hii ni chai.

Kijana ni bondia wa welter, sawa. Welter ya ngumi mwisho wake ni pauni 147, kilo 66 na ushee. Hajawahi kukaba mtu kabali, hajui kujitoa chini, halafu kampuni ya MMA inampa mapambano manne na kianzio juu? Na kakaake amesaini bila hata kutaja atapigana uzito gani? Meneja wa kweli jambo la kwanza analotaja ni kilo, hela inafuata. Mleta uzi katunga, anataka tubishane Mayweather na Ngannou.

Kijiti
Nilikuwa nahisi mvuke. Jab Fupi leta vikombe.

Chuma Chakavu
Hata mimi "mikono kama vijiti" ilinitia shaka. Imekaa kama filamu.

Kijiti
Hapo naomba jina langu liachwe.

KakaMkubwa
Nyie watu mna dharau sana. Nitunge ili nipate nini? Uzito upo kwenye mkataba, kifungu cha pili, nimeufungua sasa hivi: "welter, mwisho pauni 170". Dogo ni welter, wao wameandika welter. Shida iko wapi?

Jab Fupi
Basi kama si chai naomba radhi, maana ingekuwa chai ingekuwa nafuu.

Mzee wa Kona
Kijana wangu, kaa chini. Majina yanafanana, uzito haufanani. Welter ya ngumi ni 147, welter ya MMA ni 170. Ni pauni 23, zaidi ya kilo 10. Na anayepima 170 siku ya mizani, wengi wao mtaani ni wazito kuliko hapo, wamejikausha maji tu na kesho yake wameyarudisha. Huyo atamshika mdogo wako, atamlaza chali, atamkalia kifuani. Jab haifanyi kazi ukiwa umelala. Bondia wa 147 MMA akae 155, na akijikausha vizuri hata 145.

Mshale
Sasa tunajua kwa nini wanamtaka. Bondia mwenye rekodi safi, mdogo kwa mwili, hajui mieleka. Wana mtu wao wanataka apate jina.

KakaMkubwa
Mshale usiwe mwepesi wa kuhukumu. Inawezekana ni makosa ya uandishi. Na dogo ana ngumi nzito, anaweza kumaliza mtu kabla hajashikwa. McGregor si alikuwa anamaliza watu kwa mkono wa kushoto?

Jab Fupi
McGregor alikuwa anapigana uzito wake, na alishapigana MMA miaka kadhaa kabla hajaingia UFC 2013. Hakutolewa kwenye ngumi akatupwa kizimbani.

Mpiga Hesabu
Tuache McGregor, mkataba uko mkononi mwake. KakaMkubwa, angalia kama kuna kifungu kinachosema akiwa bingwa mkataba unajiongeza wenyewe. Vipo sana kwenye MMA. Yaani akishindwa wanamwacha, akishinda hatoki. Angalia pia kama wana haki ya kufikia dau la kampuni nyingine mkataba ukiisha, maana hiyo inafukuza wanunuzi wengine.

Kwa bondia Marekani ina sheria ya mwaka 2000 yenye jina la Muhammad Ali. Promota anatakiwa amwonyeshe bondia anaingiza nini kwenye pambano, na hairuhusiwi mtu awe promota na meneja wa bondia huyohuyo. MMA haimo kwenye sheria hiyo. Wale wa kesi ya 2014 walikaa mahakamani miaka kumi. Makubaliano ya kwanza, dola milioni 335, jaji aliyakataa mwaka 2024 kwa kuona ni kidogo, ndipo zikafika 375. Na hao walikuwa na mawakili.

Mama Wawili
Mimi nimebaki palepale. Jumamosi kijana anapanda ulingoni na hajui kwamba ameshauzwa.

KakaMkubwa
Mama kwa heshima yako, hajauzwa. Amewakilishwa.

Nimewaandikia sasa hivi kuomba wabadilishe iwe 155. Wakikubali, mkataba unaendelea na nitamwambia Jumapili akiwa ametulia. Wakikataa tutaongea habari ya kianzio, labda nirudishe kidogokidogo. Ila msimamo wangu ni kwamba manne yenye bei inayojulikana ni bora kuliko kuuza tiketi.

Mzee wa Kona
Akishinda Jumamosi bei yake ya ngumi inapanda, na wewe umeshamfunga kwa bei ya wiki iliyopita. Umelifikiria hilo?

KakaMkubwa
Mzee wangu, na akipoteza je?

Mshale
Hahaha. Kwa hiyo ulishabeti.

Mpiga Hesabu
Ukiwa unawaandikia, uliza na jambo jingine: nani analipia vipimo. Kampuni nyingi ndogo zinamwachia mpiganaji.

KakaMkubwa
Vipimo vya nini?